Sindano ya kivimbe cha shingo: kwa nini majibu hurudi "sampuli haitoshi"?

Nina kivimbe kwenye tezi ya thairoidi. Nilichomwa sindano, majibu yakarudi yameandikwa "sampuli haitoshi". Basi sina saratani?

Karatasi hiyo haisemi unayo wala huna. Inasema seli zilizofika maabara hazikutosha kutoa uamuzi wowote. Vivimbe vingi vya tezi hii si saratani, lakini hicho chako bado hakijasomwa, kwa hiyo usiifungie karatasi hiyo kabatini.

Haitoshi vipi? Niliona sindano imejaa damu.

Damu hiyo ndiyo tatizo. Tezi ya thairoidi ina mishipa ya damu mingi mno, na damu ikiingia kwenye sindano huzifunika seli zinazotafutwa. Daktari wa patholojia, yaani anayesoma sampuli maabara, haangalii wingi wa majimaji, anahesabu seli. Kwa mwongozo wa Bethesda wa kusoma seli za tezi hii, uliotokana na mkutano wa mwaka 2007 huko Marekani, anatakiwa aone angalau mafungu 6 ya seli za folikuli (seli za kawaida za tezi hii), kila fungu likiwa na seli 10 au zaidi zinazoonekana vizuri. Tone dogo linaweza kuwa nazo tele, na bomba zima la damu lisiwe nazo.

Zikionekana seli za kutilia shaka, hata chache, hawezi kuandika "haitoshi", lazima aziripoti.

Aliyenichoma alikosea?

Huenda, ila si lazima. Kivimbe kilichojaa maji hutoa maji, na maji hayo huwa na seli chache. Chenye chokaa ndani huwa kigumu, sindano haikusanyi kitu.

Hata hivyo mkono una sehemu yake. Wengi hudhani sindano nene italeta zaidi. Kwenye tezi hii italeta damu zaidi. Zinazofaa ni za geji (namba ya unene wa sindano) 25 hadi 27, na kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Wapo wasiovuta bomba kabisa: sindano husogezwa mbele na nyuma upesi kwa sekunde chache, seli zikapanda zenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mimi naipenda njia hii, hasa kwa kivimbe chenye damu nyingi.

Kisha kuna kioo cha kupakia sampuli, mahali ambapo kazi nzuri huharibikia. Sampuli ipakwe mara moja kabla damu haijaganda, na iwe tabaka jembamba, maana tabaka nene halipitishi mwanga. Kioo cha kutumbukizwa kwenye alkoholi kiingie kikiwa kibichi. Cha kupakwa rangi ya Giemsa, ya kuzifanya seli zionekane, kikaushwe kwa hewa. Ukivichanganya, seli zinakuwepo lakini hazisomeki.

Nirudie lini?

Zamani wagonjwa waliambiwa wasubiri miezi mitatu, kwa hofu kwamba seli zilizojeruhiwa na sindano ya kwanza zingepotosha majibu. Siku hizi kusubiri hivyo hakuonekani kuwa lazima. Cha muhimu ni kwamba safari hii uchomwe kwa kuongozwa na altrasaundi, ili ncha ilenge sehemu ngumu ya kivimbe badala ya maji. Kama hospitali ina mtaalamu anayeweza kutazama kioo kwa darubini papo hapo, ni bora zaidi, maana ataomba uchomwe tena kabla hujashuka kitandani. Wengi wanaorudia hupata jibu.

Ikishindikana tena, daktari atapima sura ya kivimbe kwenye altrasaundi, kisha aamue: kufuatilia, kuchukua kinyama kwa sindano nene, au upasuaji.

Nasikia uvimbe ukiguswa na chuma saratani husambaa.

Hofu hii imewachelewesha watu wengi. Seli za saratani kubaki kwenye njia ya sindano kumewahi kuripotiwa, lakini ni nadra mno. Kinachotokea mara nyingi ni maumivu kidogo na alama ya damu chini ya ngozi kwa siku chache.

Nijiandae vipi?

Mweleze daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano warfarini. Usiziache kwa uamuzi wako. Sindano ikiwa ndani usimeze mate, usiongee. Na beba ile ripoti ya kwanza pamoja na picha za altrasaundi, ili anayekuchoma ajue mwenzake alikwama wapi.