Je, wajua kwa nini waya wa maiki "huongea" wakati mwigizaji amenyamaza?

Tuseme mnarekodi tamthilia uani, Magomeni. Mwigizaji kaletewa habari ya msiba, ananyamaza, kamera inamsogelea usoni. Fundi sauti aliyevaa hedifoni anangoja kimya hicho, halafu anasikia: tk... tk-tk... krrr. Hakuna aliyekohoa, wala hakuna kuku aliyepita. Ni waya uliofungwa kwenye bumu, ule ufito mrefu unaoning'iniza maiki juu ya vichwa vya watu.

Wengi wetu hapo husema "waya una shoti" na kwenda dukani kununua mwingine. Mara nyingi hela hiyo imepotea bure. Waya ni mzima kabisa, na hata huo mpya utapiga kelele ileile, kwa kuwa kelele yenyewe haikutoka kwenye umeme.

Kumbuka simu ya viberiti tuliyochezea utotoni: maganda mawili ya kiberiti na uzi katikati. Uzi ukikazwa, maneno ya mwenzako yanakufikia. Ukilegea, au mtu akiushika kwa vidole, simu imekufa. Waya wa maiki hufanya kazi kama uzi ule. Unapougonga dhidi ya ufito, mtikisiko unasafiri ndani ya mpira na shaba hadi kwenye kitako cha maiki na kuitikisa maiki nzima. Ndani yake kuna kiwambo, utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Kiwambo hakijui kama kimetikiswa na hewa iliyotoka kinywani mwa mtu au na fremu iliyokishika. Chochote kinachokitikisa kinageuzwa kuwa sauti.

Sasa tazama kichekesho kilichopo. Maiki ya bumu hutundikwa kwenye kishikizi chenye mipira ili mitikisiko ya ufito isiifikie. Halafu waya unapita pembeni ya mipira hiyo, umekazwa barabara, na kuchomekwa moja kwa moja kwenye kitako cha maiki. Kazi yote ya mipira imekwisha hapo. Na usidhani mtikisiko huo ni mdogo mno kusikika: mtu akizungumza kwa sauti ya kawaida, maiki nyingi hutoa umeme wa milivolti chache tu, au hata chini ya milivolti moja. Kinasa sauti hulazimika kuukuza mara mia kadhaa. Ukifika desibeli 60 umeukuza mara 1,000, pamoja na kila "tk".

Dawa yake ni kuulegeza uzi wa simu. Funga waya imara kwenye ncha ya ufito, kisha kati ya hapo na maiki acha kitanzi kilicholegea, kisichogusa ufito wala ngome ya kuzuia upepo inayoifunika maiki. Kipande hicho cha mwisho kikiwa chembamba na laini ni bora zaidi, maana waya mnene na mgumu hupitisha mtikisiko vizuri kama fimbo. Kitanzi kisiwe kirefu mno, kitapeperuka na kujipiga chenyewe.

Sehemu iliyobaki ya waya inategemea ufito wako. Ukiupitisha kwa nje, uzungushe mara chache na ukae sawasawa juu ya ufito, kisha uubane kwa mkono wa nyuma usichezecheze. Ukipita kwa ndani, adui ni nafasi: waya unaning'inia tumboni mwa bomba na kugonga kuta zake kila unapogeuza maiki kutoka kwa mzungumzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Vipande vya sponji kwenye ncha mbili husaidia sana, ila mkono mtulivu husaidia kuliko sponji yoyote. Tatizo la kushika maiki juu ya watu si la leo. Hollywood, mwaka 1929, mwongozaji Dorothy Arzner anatajwa kuwa aliagiza maiki itundikwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili mwigizaji Clara Bow aweze kutembea huku akisema.

Kelele ya umeme nayo ipo, nisiseme haipo. Waya ukikunjwa, tabaka zake husuguana na kuzaa chaji, kama chanuo la plastiki kwenye nywele kavu. Lakini hilo huwasumbua zaidi wapiga gitaa. Maiki nyingi za kazi zina ukinzani mdogo (yaani kizuizi kidogo kwa umeme), ohmu 200 au chini, kwa hiyo chaji hiyo haipati nguvu ya kusikika sana.

Ukisikia mkwaruzo mkali kila unapogusa plagi, hapo ndipo pa kushuku waya wenyewe. Shaba ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huwa ngumu, kisha hukatika. Jaribu na kipande cha waya wa umeme utaona. Ndani ya waya wa maiki kuna nywele nyingi za shaba, nazo hukatika moja moja shingoni mwa plagi, pale laini inapokutana na ngumu. Kwa maiki zinazotumia volti 48 kutoka kwenye kinasa sauti, mkatiko wa kufumba na kufumbua ni mlio wa "pa!" unaoumiza masikio, kwa sababu maiki imezimwa ikawashwa. (Kiwango hicho cha 48 kilianza mwaka 1966, kampuni ya maiki ya Kijerumani, Neumann, ilipolitengenezea maiki shirika la utangazaji la Norwei, ambalo tayari lilikuwa na volti 48 za taa za dharura.) Ikikatika nyaya za ngao inayozunguka waya wa ndani, utasikia mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 50, au mlio wa simu ya mtu inayotaka kuita.

Wanaoua nyaya zaidi ni wale wanaozizungusha kwenye kiwiko baada ya kazi. Kila duara unalolizungusha upande mmoja tu linauongezea waya msokoto mzima. Baada ya duara ishirini umeusokota mara ishirini, na kesho ukiuvuta unajifunga mafundo. Mafundi hupishanisha: duara moja kwa juu, linalofuata mkono unageuzwa ndani ili waya upite kwa chini. Misokoto inafutana, na waya ukirushwa unanyooka wenyewe. Itakuchukua jioni moja kujifunza.

Kwa walio pwani kuna jambo la ziada: hewa ya chumvi huzipa pini za plagi kutu ya kijani, na pini chafu hukwaruza sawasawa na waya uliokatika. Zifute kwanza kabla hujaulaumu waya. Kama tatizo ni shingo kweli, usitupe kitu. Kata sentimita kumi kutoka kwenye plagi, menya, chomelea upya kwa risasi, pini namba 1 kwa ngao, namba 2 na namba 3 kwa nyaya za ndani kama zilivyokuwa. Waya wa mita sita utabaki na mita tano na tisini, na ufito wako wala hautajua.