Kwa Nini Dhoruba za Ziwa Viktoria Huja Usiku

Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa hapa Mwanza na nimeolewa katika familia ya wavuvi wa dagaa. Kwa sababu hiyo, swali ninalolishughulikia ofisini hunifuata hadi nyumbani: inakuwaje ziwa lililokuwa shwari wakati wa machweo lichafuke kabla ya alfajiri? Wengi huitazama anga ya jioni, wakaiona nyeupe, wakaamini kwamba usiku utakuwa salama. Juu ya ziwa letu imani hiyo ni ya hatari, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Mchana jua hupasha nchi kavu joto haraka kuliko linavyopasha maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa yenye ubaridi kidogo huvuma kutoka ziwani kwenda kuchukua nafasi yake. Upepo huo unapotoka ziwani kuelekea pande zote, hewa ya juu hushuka katikati ya ziwa na kuyazuia mawingu yasikue, huku radi za alasiri zikinguruma juu ya vilima vya Mara na nyanda za juu za Kenya. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya ziwa, ambayo mwaka mzima hukaa karibu na nyuzi joto 25, hayapoi kwa kiasi hicho. Sasa upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukiongezewa nguvu na hewa baridi inayoteremka kutoka nyanda za juu za mashariki, na pepo hizo zinapokutana juu ya maji yenye joto, hewa iliyojaa mvuke hukosa pa kwenda isipokuwa juu. Mawingu yanayozaliwa hapo huweza kufikia kimo cha zaidi ya kilomita 15. Kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu hutoka mashariki, dhoruba nyingi husukumwa kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma, iliyo ng'ambo ya pili, haipati hata nusu yake.

Siku yangu ya kawaida ya masika huanza kwa kupokea zamu kutoka kwa mwenzangu wa usiku, ambaye hunieleza dhoruba zilipoanzia na zilipoishia. Saa tatu asubuhi husomwa kipimamvua, na kila milimita inayoandikwa ni sawa na lita moja ya maji iliyomwagika juu ya kila mita moja ya mraba. Saa zinazofuata ni za kulinganisha picha za satelaiti, vipimo vya upepo kutoka vituo vya kando ya ziwa na hesabu za kompyuta kuhusu unyevu wa hewa ya juu. Ninachokitafuta hasa ni mahali ambapo pepo za usiku zitakutana, kwa sababu hapo ndipo dhoruba itazaliwa. Baada ya giza kuingia, rada ndiyo yenye thamani kubwa kuliko vyote, kwani huonyesha matone ya mvua yakiwa bado ndani ya wingu na upande yanakoelekea.

Jambo ambalo ningependa kila mvuvi alijue ni kwamba upepo hutangulia mvua. Mvua inapoanguka kutoka katika wingu la radi, sehemu yake hukauka njiani na kuipoza hewa. Hewa hiyo, ikiwa sasa ni nzito, hushuka kwa kasi, hugonga uso wa maji na kutawanyika kilomita nyingi mbele ya wingu lenyewe. Mtu aliyeko majini huhisi ubaridi wa ghafla wakati juu ya kichwa chake nyota bado zinaonekana. Kina cha wastani cha ziwa ni kama mita 40 tu, na mawimbi yanayoinuliwa na upepo huo ni mafupi, yenye miinuko mikali na yaliyokaribiana, hivyo mtumbwi haujamaliza kupanda la kwanza kabla la pili halijaupiga ubavuni.

Shemeji yangu huvua dagaa kutoka mwalo mmoja, yaani ufuko wa kuegesha mitumbwi ya uvuvi, wa Ilemela hapa Mwanza. Dagaa hufuata taa, na taa huvuta vizuri usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo saa za riziki yake ndizo hizo hizo saa za dhoruba. Karibu kila jioni hunipigia simu nikiwa napika na wanangu wakiandika kazi za shule.

“Shemeji, ziwa leo linasemaje?”

“Ukitoka, shemeji, saa saba ya usiku isikupite ukiwa bado mbali. Wingu litatokea mashariki.”

Simjibu kwa kumwambia tu kwamba kuna hatari, kwa sababu kukosa usiku mmoja ni kukosa fedha ya petroli, ya chakula na ya deni la nyavu. Anahitaji saa na upande, na anahitaji pia kujua kwamba uwezekano mkubwa wa dhoruba haumaanishi kila mwalo utapigwa. Safari nyingine wingu hupita kisiwa cha Ukerewe na yeye hulala nyumbani bila kuvua, na mama mkwe, ambaye ndiye muuzaji wa dagaa hao, huniuliza kwa upole mvua iko wapi. Nami humwonyesha kwenye simu ilikopita.

Kwa maoni yangu, angalizo la hali ya hewa likiishia redioni halijafika. Ningependa viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, walisome kwa sauti mwaloni kabla mitumbwi haijasukumwa majini, wakitaja saa, upande wa upepo na urefu wa mawimbi, na wahakikishe kila aliyepanda amevaa jaketi okozi, kwa kuwa likiwekwa chini ya nyavu halifikiki upepo ukishafika.