Je, wajua? Ganda la korosho linavyogeuzwa kuwa chambo cha mbung'o

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaujua ule utomvu mweusi wa ganda. Ukigusa ngozi, ngozi huwasha, hutoka malengelenge, kisha hubanduka. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kula viganjani kabla ya kushika kazi. Basi utomvu huohuo ndio malighafi ambayo wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, wameitumia kutengeneza harufu inayomvuta mbung'o mtegoni. Imewezekanaje?

Tuanze na ganda lenyewe. Kati ya gamba la nje na la ndani kuna vitundu kama sega la nyuki, na humo ndimo utomvu huo wa mafuta unamokaa. Gunia la kilo 80 la korosho ghafi hutoa kiini kilo 20 hivi na maganda kilo 55 hivi, na katika maganda hayo karibu robo ya uzito ni mafuta: kilo 14 hivi. Yakikamuliwa bila moto, kwa kulowesha maganda katika kiyeyushi, zaidi ya nusu yake huwa ni asidi ya anakadi. Sehemu iliyobaki karibu yote ni kadoli na kadanoli.

Vitu vyote vitatu vina sura moja: kichwa ambacho ni pete ya kaboni 6 iliyobeba oksijeni na haidrojeni (wanakemia huita fenoli), na mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia hupenda mafuta, kwa hiyo hupenya ngozi kirahisi. Kichwa kikishaingia hushikana na protini za ngozi, na mwili hukiona ni adui. Malengelenge hutokana na vita hiyo.

Sasa angalia mkia umechomekwa wapi. Ukiihesabu pete kuanzia kwenye oksijeni, mkia wa kadanoli uko nafasi ya 3. Hapo ndipo mkorosho unapowashinda wenye viwanda. Ukichukua fenoli itokanayo na petroli ukajaribu kuipachika mkia kwa njia za kawaida, mkia huenda nafasi ya 2 au ya 4, kwa sababu oksijeni yenyewe ndiyo inayouelekeza huko. Kuupeleka nafasi ya 3 kunahitaji mzunguko mrefu na wa gharama. Mti unafanya kazi hiyo bure, kila msimu, Mtwara na Lindi.

Mbung'o anaingiaje? Mbung'o wa nyikani humtafuta mnyama kwa pua kabla ya macho, na katika mkojo wa ng'ombe na nyati kuna fenoli ndogondogo zinazomwongoza. Mojawapo ni 3-propilifenoli: kichwa kilekile cha kadanoli, mkia nafasi ileile ya 3, ila mkia wenyewe una kaboni 3 tu badala ya 15. Kadanoli ni nzito mno, haipandi hewani, hivyo mdudu hawezi kuinusa. Kazi iliyobaki ni kukata mkia.

Mkasi wake ni kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia) chenye madini ya ruteni. Mkia wa kadanoli una vifungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili, na ruteni hukata hapo hapo. Ukitia gesi ya etheni kwa shinikizo, kila upande uliokatwa huzibwa kwa kipande cha etheni. Kuna jambo dogo hapa linalopendeza. Mafuta ya korosho ni mchanganyiko: mikia mingine ina kifungo maradufu kimoja, mingine viwili, mingine vitatu. Ungetarajia mkasi utoe vipande vya kila aina. Lakini katika yote, kifungo cha kwanza kuanzia kwenye pete kiko kaboni ya 8, kwa hiyo upande wa pete hutoka kitu kimoja tu: fenoli yenye mkia wa kaboni 9. Ile mikia michache isiyo na kifungo maradufu hubaki kama ilivyokuwa.

Kaboni 9 bado ni ndefu. Hatua inayofuata ni kukihamisha kifungo maradufu kutoka ncha ya mkia hadi jirani na pete, kwa kichocheo kingine, kisha kukata tena. Ukikata kwa etheni hubaki mkia wa kaboni 2. Ukitumia buteni, gesi ya kaboni 4, yenye kifungo chake katikati, hubaki kaboni 3. Mwishoni hutiwa haidrojeni ili kukifuta kifungo maradufu, na 3-propilifenoli imepatikana. Kazi hiyo ilichapishwa kwa pamoja mwaka 2012, ikiwa na majina ya watafiti wa Dar es Salaam pamoja na David Cole-Hamilton wa St Andrews.

Penye kuharibika ni pengi, na mengi huharibika mapema, kabla mkasi haujaguswa. Asidi ya anakadi ikipashwa moto kufikia nyuzi 180 hivi hutoa kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Ni vizuri, maana kadanoli ndiyo inayotakiwa, lakini kilo moja ya mafuta yenye asidi hiyo 65% hutoa lita 45 hivi za gesi. Ukijaza sufuria zaidi ya nusu, au ukipandisha moto haraka, povu litamwagika. Ukiacha moto mkali muda mrefu, mikia hushikana yenyewe kwa yenyewe na mafuta huwa lami isiyokatika. Kadanoli husafishwa kwa kukenekwa hewa ikiwa imenyonywa, ili ichemke kwa joto la chini kidogo. Ruteni nayo ni ya bei ghali na haipendi uchafu: mafuta machafu au hewa iliyoingia mtamboni huiua kabla haijamaliza kazi.

Ukiitaka asidi ya anakadi yenyewe, moto usikaribie kabisa. Gramu 100 za mafuta huyeyushwa katika mililita 600 za methanoli yenye maji 5%, huongezwa gramu 50 za chokaa iliyozimwa kidogokidogo, kisha hukorogwa saa 3 kwenye nyuzi 50. Asidi hushikana na chokaa na kuzama. Huchujwa, na asidi ya haidrokloriki huiachilia. Asidi ya anakadi ni ndugu wa asidi ya salisili inayozaa aspirini, na imetumika pia kufunika chembe ndogo sana za madini zisigandane.

Ushirikiano huu umeenea mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, vimetumia mafuta hayohayo kutafuta viungo vya kukinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Ni kinaya kidogo kwa kitu kinachobabua mikono.

Mtegoni, 3-propilifenoli haifanyi kazi peke yake. Kwa kawaida huchanganywa sehemu 1 na harufu nyingine mbili zinazomvuta mbung'o, oktenoli sehemu 4 na kresoli sehemu 8, hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye unene wa milimita 0.15 unaoachia harufu polepole, na hutundikwa karibu na chupa ya asetoni kwenye mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi. Mbung'o wa nyikani huitikia vizuri. Wale wa kingo za mito hawaitikii sana, na huko ni rangi ya kitambaa inayofanya kazi kubwa kuliko harufu.

Kikwazo kikubwa hakiko maabara. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania huuzwa ghafi India na Vietnam, na maganda huondoka nayo. Kiwanda cha hapa nchini kinachopika korosho kwa mvuke bado kinabaki na mafuta mengi ndani ya ganda. Kinachokaanga kwenye mafuta moto kimekwisha kuyatoa mengi na kuyabadilisha, na maganda yake ukiyakamua kutafuta asidi ya anakadi, chokaa haitashika kitu.