Kabla ya kuomba "ile nyeupe"

Wagonjwa wengi ninaowaziba meno hapa Dar es Salaam huja na uamuzi tayari: "Daktari, niwekee ile nyeupe." Nawaelewa, hakuna anayependa gego jeusi lionekane akicheka. Ila mimi, kabla ya rangi, huangalia tundu liko wapi na kama naweza kulikausha.

Ile nyeupe, yaani kompoziti, ni resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe za kioo. Haishiki jino hivi hivi. Kwanza napaka asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 37, ili uso wa jino ukwaruzike. Nasuuza, nakausha, napaka gundi, ndipo naweka kompoziti kwa tabaka za kama milimita 2, kila moja nikiimulika kwa taa ya bluu. Tabaka likizidi unene, mwanga haufiki chini: juu pagumu, ndani bado laini. Mate yakigusa jino baada ya asidi, narudia kuliandaa, maana gundi haitashika. Ndiyo sababu ya kile kipande cha mpira tunachowavalisha mdomoni, wanachokilalamikia sana! Kwa meno ya mbele na matundu madogo ya magego, kompoziti naipenda. Tundu likishuka chini ya ufizi, panapovuja damu, siiamini.

Hapo naitetea glasi ayonoma, aina nyingine ya kuzibia meno, ambayo watu huidharau kwa kuwa haing'ai. Inashikana na jino yenyewe kikemia, inavumilia unyevu kiasi, tena inatoa floraidi. Kwenye gego linalotafuna kwa nguvu husagika mapema, hilo ni kweli. Lakini kwa watoto inatusaidia mno, na tuna haki ya kujivunia: njia ya ART, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine na kuziba papo hapo, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Leo inafanywa duniani kote, hasa kwa glasi ayonoma.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni imara na hudumu, ila karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Marekebisho ya 2022 ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, yanataka nchi ziizuie, au zishauri isitumike, kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Kama unayo ya zamani na ni nzima, usiitoe kwa ajili ya rangi tu. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki.

Ile ya kuziba kwa muda, yenye harufu ya karafuu, hutuliza jino, lakini mabaki yake huzuia kompoziti isigande sawasawa. Kwa hiyo ukizibwa kwa muda Temeke kisha ukamalizie Kinondoni, mwambie daktari wa pili uliwekewa nini, asafishe kuta za tundu vizuri kabla ya kupaka gundi.