Gacaca haikuwa baraza la kusameheana tu
Wengi bado wanaamini kwamba gacaca za Rwanda zilikuwa vikao vya kusameheana tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Sivyo. Zilikuwa mahakama zilizoundwa kwa sheria, na hadi zinafungwa mwaka 2012 zilikuwa zimeamua kesi zaidi ya milioni 1.9, nyingi zikiwa za mali iliyoporwa au kuharibiwa. Mahakimu walichaguliwa na wananchi wenyewe. Mshtakiwa wa mauaji alisimama mbele ya majirani zake, akaulizwa: miili mliitupa wapi? Aliyekiri na kuonyesha ilipo alipunguziwa adhabu. Muuaji aliyekana akakutwa na hatia alifungwa miaka mingi. Msamaha kutoka kwa mnusurika ulikuwa jambo jingine, na kumshinikiza autoe ni kumuumiza upya.