Friji la soda halipoozi: kabla hujasema gesi imeisha

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye duka pale Kibirizi, hapa Kigoma, karibu na mwalo wa dagaa. Friji lake la kioo, lile la mlango mmoja la kuwekea soda na maji, lilikuwa halipoozi. Ndani ya miezi minne lilijazwa gesi mara tatu. Kila likijazwa linapoa siku mbili tatu, kisha soda zinarudi kuwa vuguvugu. Akaniambia, "Mwanangu fundi, njoo na mtungi wa gesi." Nilikwenda na brashi ya rangi, tochi, kipimajoto na multimita ya kupimia umeme. Mtungi niliuacha nyumbani kwa makusudi.

Neno hili "gesi imeisha" linawala hela wafanyabiashara wadogo wa mji wetu, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, na linaniuma kwa sababu mara nyingi si kweli. Gesi ya friji si petroli. Friji haliichomi, wala haipungui kwa sababu ya kazi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyozibwa. Kompresa, yaani pampu ya friji, inaisukuma ikiwa ya moto na yenye mgandamizo mkubwa, inapita kwenye kondensa kule nyuma au chini na kutoa joto nje, inageuka kimiminika, inapenya kwenye kijibomba chembamba tunachokiita kapilari, mgandamizo unashuka ghafla, halafu inachemka ndani ya evapoleta, yale mabomba ya baridi yaliyo ndani ya friji, na kufyonza joto la soda zako. Kisha inarudi kwenye kompresa na safari inaanza upya. Gesi ileile ya kiwandani inaweza kuzunguka hivyo miaka na miaka. Ikipungua, ujue kuna tundu, na anayejaza bila kutafuta tundu amekupa nafuu ya siku chache.

Kwa hiyo friji halitengenezi baridi. Linabeba joto la ndani na kulitupa nje. Mimi huanza kwa kuuliza: joto linatupwa wapi, na kuna kitu gani kimelizuia?

Pale Kibirizi jibu lilikuwa futi nne kutoka kwenye friji. Mama ana jiko la mkaa anapokaanga migebuka asubuhi na maandazi jioni, na anakaangia mawese. Moshi wa mawese ni mzito, una mafuta ndani yake. Feni ya kondensa inavuta hewa kutoka palepale sakafuni, kwa hiyo kila siku ilikuwa inavuta ule moshi pamoja na vumbi la barabarani. Nilipofungua wavu wa chini sikuona mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Niliona kitu kama blanketi: vumbi, manyoya ya kuku, magamba ya samaki, kipande cha mfuko wa nailoni, vyote vimeshikana. Nilikwangua kwa ukucha, ukaja na nta ya rangi ya chungwa iliyokolea. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, lakini nilipoweka kiganja upande wa pili sikusikia hewa yoyote.

Nikakaa kimya nisikilize. Kompresa ilifanya kazi kama dakika sita, ikalia "tik", ikanyamaza. Hiyo ni ovalodi, kifaa kidogo ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme ikipata joto kupita kiasi. Baada ya muda ikajaribu tena, ikazima tena. Na bomba la kurudishia gesi lilikuwa limevaa barafu nyeupe mpaka kwenye kompresa yenyewe. Ukiona barafu imetoka nje ya friji namna hiyo kwenye mfumo wa kapilari, mara nyingi gesi imezidi. Yaani friji lilishindwa kutupa joto kwa sababu ya uchafu, likaongezwa gesi, mgandamizo ukapanda zaidi, kompresa ikaumia zaidi. Mara tatu.

Kusafisha kondensa hakuhitaji fundi, na mama nilimwonyesha ili awe anafanya mwenyewe. Chomoa plagi kwanza. Piga brashi kavu kufuata mistari ya mapezi, usikatishe, maana mapezi ya aluminiamu ni laini na yakilala hewa haipiti. Kama kuna mafuta, brashi kavu haitoshi: tumia maji ya moto yenye sabuni ya unga, brashi yenye unyevu tu, kisha kitambaa. Usimwage maji juu ya mota ya feni wala kwenye kiboksi cha nyaya ubavuni mwa kompresa. Acha pakauke kabisa ndipo uwashe. Duka lenye jiko karibu lifanye hivyo kila mwezi. Friji nalo liachiwe nafasi ya kupumua, angalau kiganja kizima kutoka ukutani. Mama alihamishia jiko upande wa pili wa kibaraza siku ileile.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni mzigo wenyewe. Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii imewahi kuniokoa kwenye ugomvi na mteja. Kreti moja ina chupa 24. Tuseme kila chupa ina mililita 350, hiyo ni lita 8.4 za kinywaji. Kuzitoa nyuzi 28 hadi nyuzi 4 unahitaji kuondoa karibu kilojuli 850. Ongeza joto la vioo vya chupa, unafika karibu kilojuli 1,000. Friji ambalo kweli linaondoa joto kwa kasi ya wati 300 litatumia karibu saa nzima kwa kreti hiyo moja, mlango ukiwa umefungwa muda wote. Sasa wewe umepokea kreti sita saa nne asubuhi, umezipanga zote, na mlango unafunguliwa kila baada ya dakika mbili. Saa nane mchana mteja akilalamika, friji halijaharibika. Pakia jioni unapofunga duka. Ukilazimika kupakia mchana, weka kreti moja moja, na zile za moto ziende rafu ya juu ili usizichanganye na zilizokwisha kupoa.

Tena usizibe feni ya ndani. Hewa baridi inapulizwa na ile feni, inashuka kupitia kwenye rafu, inarudi. Nimekuta watu wametandika kadibodi kwenye rafu za waya ili chupa zisianguke. Kadibodi hiyo ndiyo inayofanya rafu ya juu igande na ya chini iwe kama maji ya mtungini.

Mlango unapimwa kwa karatasi. Ibane kati ya mpira na fremu, kisha ivute. Ikitoka bila ukinzani, mpira umechoka au bawaba imelegea. Zungusha karatasi pande zote nne. Kwa hali ya hewa ya kandokando ya ziwa, hasa miezi ya mvua, mpira unaovuja unaingiza unyevu mchana kutwa, na unyevu huo unakwenda kuwa barafu kwenye evapoleta.

Umeme sasa. Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na wengi tulizoea umeme mdogo kiasi kwamba hatuuhesabu kuwa ni tatizo. Kompresa inauhesabu. Wakati wa kuanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshachanganya. Kwa hiyo usipime soketi wakati friji limetulia, pima wakati kompresa inajaribu kuwaka. Kuna duka moja Mwanga nilipima nikakuta volti 224 friji likiwa limezima. Kompresa ilipojaribu kuanza zikashuka hadi 178, ikanguruma ikashindwa. Waya wa ekstensheni ulikuwa mwembamba na mrefu, umebeba friji, redio na jagi la kuchemshia maji. Tulivuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kiboksi cha umeme, friji likawaka mara moja. Hakukuwa na ugonjwa mwingine. Na umeme ukikatika ukarudi, kompresa isiwashwe papo hapo; mgandamizo wa pande mbili unahitaji dakika tatu hadi tano kusawazika. Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya soketi na plagi, inafanya kazi hiyo ya kusubiri, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Ikiwa kondensa ni safi, feni zote mbili zinazunguka, mlango unabana na umeme uko sawa, hapo ndipo nafungua kifuniko cha ndani nisome barafu kwenye evapoleta. Barafu ikiwa kwenye mizunguko ya mwanzo tu na kwingine pakavu, gesi ni pungufu au kapilari imeziba kiasi. Ikiwa evapoleta yote imekuwa bonge la barafu, gesi ipo. Hewa haipiti, au mlango unavuja, au mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa. Likipoa vizuri, likaacha, kisha likapoa tena baada ya kupumzika, nashuku maji yameingia kwenye mfumo na yanaganda kwenye mdomo wa kapilari. Hilo huletwa na fundi aliyejaza gesi bila kuvuta hewa kwa pampu.

Zile mashine za kuuzia soda zenyewe, unazotumbukiza hela na chupa inadondoka, tumbo lake ni hilihili. Kipoozeo kiko chini, na nyingi zinapeleka ubaridi zaidi kwenye chupa zinazokaribia kutoka, kwa hiyo za juu zikiwa na joto si lazima iwe hitilafu. Ila kagua kile kifuniko cha mahali chupa inapotokea. Kikikwama wazi, ni sawa na mlango uliosahauliwa.

Ikibidi kugusa gesi, soma kwanza lebo ya friji. Imeandikwa aina na gramu. Mafriji mengi ya zamani kidogo yana R134a. Mapya mengi yanakuja na R600a au R290, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana Kigali, hapa jirani zetu, kupunguza gesi za jamii ya R134a zinazochangia joto la dunia. R600a ni isobutani na R290 ni propani, zote zinawaka moto. Fundi asichomelee bomba lenye gesi hizo ndani, na asifanye kazi hiyo kwenye chumba kimoja na jiko la mkaa. Wala usikubali friji la R600a lijazwe R134a kwa sababu tu ndiyo iliyopo kwenye mtungi.

La mama wa Kibirizi lilikuwa la R134a. Nilirudi siku ya pili na mtungi mtupu na mashine ya kuvutia gesi, nikaitoa yote, nikapima mabomba kwa naitrojeni na povu la sabuni. Hakukuwa na tundu hata moja. Nikabadilisha filta, nikavuta hewa kwa pampu, kisha nikajaza gesi nikiwa nimesimamisha mtungi juu ya mizani, gramu 210 kama lebo inavyosema. Nikaweka glasi ya maji rafu ya katikati, kipimajoto ndani yake, nikamwomba asiiguse mpaka asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri akanipigia, kabla hata sijamwamkia akasema, "Inasoma nne." Ubavuni mwa kompresa nimeandika kwa kalamu ya wino mzito aina ya gesi, gramu na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yangu avione kabla hajafungua mtungi wake.