Taa ya Kijani Haisomi Kizio

Wiki iliyopita, katika hospitali moja hapa Kisumu, mkuu wa maabara aliniwekea fomu ya makabidhiano mezani. "Fundi, taa ya adapta si ni ya kijani? Basi mifumo inaongea. Tia sahihi." Maneno hayo nimeyasikia Busia, nimeyasikia Kakamega, na yamenichosha.

Kuongea si kuelewana. Adapta ya HL7, kanuni ya kimataifa ya kupitishia taarifa za afya kati ya mifumo, hupokea ujumbe kutoka maabara, huufikisha kwenye mfumo wa hospitali, kisha hungoja risiti. Toleo la 2 la HL7, ambalo ndilo tunakutana nalo kwenye mashine nyingi, limetenga sehemu ya ujumbe kwa kila kitu: mgonjwa kwenye PID, agizo kwenye OBR, jibu kwenye OBX. Lakini linaacha mengi kwa hiari ya anayejaza, na kila maabara hujaza kwa mazoea yake.

Chukua sukari. OBX-5 ni namba, OBX-6 ni kizio. Mahali fulani nilikuta mashine inatuma mg/dL, huku mfumo wa wodi unasoma namba peke yake na kubandika mmol/L, kwa kuwa ndicho kizio madaktari wetu wamezoea. Tukatuma mgonjwa wa majaribio mwenye 36 mg/dL. Hiyo ni 2.0 mmol/L: sukari imeshuka mno, mtu anahitaji glukosi sasa hivi. Kwenye skrini ya wodi ikatokea 36 mmol/L, sukari iliyopanda vibaya, na anayeisoma hivyo ataitisha insulini. Insulini kwa mtu mwenye sukari ya 2.0! Na taa ilikuwa ya kijani muda wote. Hakuna ujumbe uliopotea, hakuna kosa lililorekodiwa popote.

Misimbo nayo ni vivyo hivyo. LOINC, orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo, inatenga 2345-7 kwa glukosi ya seramu au plazma inayotolewa kwa uzito, kama mg/dL, na 14749-6 kwa ile ya moli, kama mmol/L. Maabara zetu huandika "GLU" tu. GLU gani? Ya mtu aliyefunga au aliyetoka kunywa chai? Mimi siwezi kulijibu hilo. Anayejua ni mtu wa maabara. Ndiyo maana siku hizi sigusi waya kabla ya kupewa orodha ya vipimo vyote iliyotiwa sahihi na mkuu wa maabara: jina, msimbo, kizio, kiwango cha kawaida. Wapo wanaokasirika kwamba nawacheleweshea kazi. Na wakasirike.

Eti risiti ikirudi, daktari ameyaona majibu. La hasha. AA kwenye MSA, sehemu ya risiti yenyewe, inasema mfumo umeukubali ujumbe, basi. Potasiamu ikiwa ya kutisha, mtu wa maabara bado anapaswa kupiga simu wodini.

Eti intaneti ikikatika majibu yamepotea. Adapta iliyopangwa vizuri huuweka ujumbe kwenye foleni na kuutuma tena. Ninachohofia zaidi ni risiti kupotea njiani: ujumbe hurudiwa, na mfumo usiokagua namba ya utambulisho wa ujumbe iliyo kwenye MSH-10 huandika jibu lile lile mara mbili.

Eti huu ni mtandao wa ndani, hakuna wa kusikiliza. MLLP, njia inayobeba ujumbe wa HL7 mtandaoni, haifichi chochote. Jina la mgonjwa na majibu yake hupita wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Weka TLS, inayoficha ujumbe kwa msimbo, au angalau VPN, njia ya faragha ndani ya mtandao.

Halafu kuna wanaoniambia tungoje FHIR, kanuni mpya zaidi ya HL7, itamaliza haya yote. FHIR naipenda, na OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokulia kwenye kliniki za mpango wa afya wa AMPATH kule Eldoret, tayari ina moduli yake. Lakini hata huko kizio kina nafasi yake, na mtu akiiacha tupu, ile 36 itarudi vile vile.

Fomu ya Kisumu bado haina sahihi yangu. Nimemwachia mkuu wa maabara karatasi yenye safu nne, na Jumatatu tunaanza na sukari.